Kufungasha Baiskeli ni Elimu, si Anasa

Barabara itokayo Athi River kuelekea Namanga, ikipitia Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado, ni shule ya namna yake. Kila mwisho wa juma, tangu alfajiri, waendeshaji wa baiskeli za mashindano huifuata kwa makundi, wengine wakitoka Nairobi na wengine wakiwa wenyeji wa papa hapa. Wapo wanaokata kona pale Isinya wakashika njia ya Kiserian, na wapo wanaoendelea moja kwa moja kusini, wakipambana na upepo wa nyikani usio na mti wa kuuzuia. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kijana aliyezoea kuvuta pumzi katika hewa hii nyepesi ana akiba ambayo wengi wa ng'ambo huitafuta kwa gharama kubwa.

Haya tunayajua, na tunayasifu kila uchao. Lakini lipo jambo tusilolisema. Mwendeshaji baiskeli, tofauti na mkimbiaji, hawezi kusafiri na miguu yake peke yake. Mkimbiaji hutia viatu mkobani akapanda ndege. Mwendeshaji baiskeli hana budi kuivunjavunja mashine yake vipande, kuitia katika sanduku, kuikabidhi kwa watu asiowajua, na kuomba ifike salama mwisho wa safari. Akikosea katika kazi hiyo, mazoezi ya miezi mingi huenda yakaishia katika ukumbi wa kupokelea mizigo.

Maoni yangu ni kwamba maarifa ya kufungasha na kulinda baiskeli kwa safari ya ndege yanastahili kufundishwa katika shule zetu, hasa hapa Kajiado, pamoja na maarifa mengine ya mikono ambayo tumeyaacha yawe siri ya mafundi wachache. Najua wapo watakaocheka. Nawaomba wavute subira.

Tuanze na historia. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza mengi ya mwanzo kutoka kwa David Kinjah, mwendeshaji na mkufunzi mashuhuri wa Kikuyu. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Baadaye, akiendesha chini ya bendera ya Uingereza, alishinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Marehemu Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, akashindana katika nchi nyingi, kabla ya kufariki katika ajali ya mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Na Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, yakiwa ya kwanza kabisa kufanyika katika bara la Afrika.

Katika habari hizo zote tunasimuliwa milima, jasho na medali. Hatusimuliwi masanduku. Hata hivyo, nyuma ya kila safari kutoka Nairobi hadi Melbourne palikuwa na mtu aliyeshika spana usiku akafungua pedali, akafunga fremu kwa matambara na kuhesabu skurubu. Mashindano ya Kigali yaliwafikisha wengi wa washindani na baiskeli zao Rwanda kwa ndege. Wenzetu wa Ulaya huandamana na mafundi walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Kijana wa Kitengela atakuwa fundi wa nafsi yake, na pengine baiskeli aliyo nayo si yake, bali ya klabu, wala hapana nyingine itakayonunuliwa hii ikivunjika.

Ni ajabu kwamba ndege na baiskeli zimekuwa mahasimu, ilhali ni ndugu wa tumbo moja. Wilbur na Orville Wright, walioirusha ndege ya kwanza yenye injini Desemba 17, 1903, walikuwa watengenezaji na wauzaji wa baiskeli mjini Dayton, Ohio. Mapanga ya ndege yao yalizungushwa kwa minyororo ya namna ile ile ya baiskeli. Karakana ya baiskeli ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chao, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyepata shahada. Mwalimu anayeidharau spana na akumbuke hilo.

Sasa kazi yenyewe ni ipi? Nitaieleza kwa ufupi, ili msomaji aone ni elimu ya kiasi gani inayojificha ndani yake.

Kwanza ni sanduku. Sanduku gumu la plastiki ni zuri, lakini ni ghali, na lenyewe laweza kuwa na uzito wa kilo 10 au zaidi. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa mzigo mmoja, na kilo 32 aghalabu ndio ukomo ambao haupitwi hata kwa malipo. Katoni ambayo baiskeli mpya huletewa dukani ni nyepesi, na wenye maduka mara nyingi huitupa. Mwenye busara huiomba mapema. Hapo hapo mwanafunzi amekutana na hesabu: uzito wa baiskeli, uzito wa sanduku, uzito wa vifaa, na nafasi iliyosalia kabla ya kutozwa ada.

Pili ni kuvunjavunja kwa utaratibu. Kabla ya kuutoa mti wa kiti, mwendeshaji huweka alama ya utepe pale unapoingia kwenye fremu, ili kimo chake kisipotee, kwa kuwa tofauti ndogo tu hutosha kuleta maumivu ya goti. Pedali hufunguliwa zote mbili, na hapa wengi hukwama. Pedali ya kulia hulegea kama skurubu ya kawaida, bali ya kushoto imekatwa hesi za kinyume. Spana ikiwa juu, zote mbili hulegezwa kwa kuivuta kuelekea nyuma ya baiskeli. Asiyelijua hilo huikaza ya kushoto kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua, mpaka hesi zinaharibika.

Tatu ni kulinda palipo dhaifu. Fremu ina nguvu nyingi kwa uzito unaotoka juu, kwa sababu ndivyo ilivyobuniwa, lakini haina nguvu hizo kwa kubanwa kutoka ubavuni. Gurudumu likishatolewa, miguu miwili ya uma wa mbele huachwa wazi, na sanduku jingine likiangukia juu yake, uma hujikunja au kupasuka. Dawa yake ni kipande cha mti au plastiki kilichopimwa upana na kukazwa katikati ya ncha hizo. Vivyo hivyo kwa nyuma, ikiwa gurudumu la nyuma nalo limetolewa. Kibadilisha gia cha nyuma hushikiliwa na kipande kidogo cha chuma laini, kilichokusudiwa kupinda kabla fremu haijavunjika. Ni heri kukifungua kibadilisha gia hicho, kukivika kitambaa na kukifunga ndani ya fremu. Kipande cha akiba cha chuma hicho hakizidi ukubwa wa kidole, lakini mtu aweza kukitafuta katika mji mzima wa kigeni asikipate, maana kila fremu ina chake.

Baiskeli yenye breki za sahani zinazotumia mafuta huhitaji uangalifu zaidi. Gurudumu likiwa limetolewa, mkono wa breki ukibonyezwa hata mara moja, vipande vya kusugulia hukutana na kukataa kuachana. Kadibodi iliyokunjwa na kuchomekwa katikati yao huondoa shida hiyo. Sahani zenyewe hufunguliwa na kulazwa mahali pake penyewe, kwa sababu sahani iliyopinda kidogo tu hulia na kusugua mwendo mzima.

Nne ni kuvika. Wauzaji wa vifaa vya ujenzi mjini Kitengela wana mipira laini ya kufunikia mabomba ya maji ya moto, na hiyo hukaa vizuri juu ya vyuma vya fremu. Asiyekuwa na fedha za kuinunua ana vipande vya tyubu kuukuu, vile vile tunavyofungia mizigo kwenye keria. Kanuni ni moja: chuma kisiguse chuma, na kitu chochote ndani ya sanduku kisicheze. Skurubu zote hutiwa katika mfuko mmoja, na mfuko huo hufungwa kwenye fremu, wala hauachwi huru ndani ya katoni ambayo huenda ikatoboka njiani. Mwisho, karatasi yenye mchoro wa mpangilio huwekwa juu kabisa, kwa sababu maafisa wa usalama wana haki ya kulifungua sanduku, na yeye atakayelifunga tena hakuwapo ulipolifungasha.

Hapo nakuja kwa walimu wa fizikia. Kuna imani iliyoenea kwamba tairi lililojaa upepo litapasuka angani. Hebu tuwaulize wanafunzi walipime jambo hilo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 83. Chumba cha mizigo cha ndege za kawaida za abiria hujazwa hewa kama chumba cha abiria, na kanieneo yake haiachwi kushuka chini ya ile ya kimo cha mita 2,400 hivi, yaani kama kilopaskali 75. Tofauti ni kilopaskali 8. Tairi la mashindano hubeba kilopaskali 600 au 700. Nane juu ya mia saba ni kitu gani? Hata lingewekwa pasipo hewa kabisa, ongezeko lisingezidi kilopaskali 83. Hata hivyo mashirika mengi hudai upepo upunguzwe, na msafiri mwema hutii. Lakini asiutoe wote, maana upepo kidogo uliobaki huikinga rimu isigongwe. Somo moja hilo limefunza kanieneo, ukadiriaji, na tofauti ya ushahidi na uvumi.

Wapo sasa wenye baiskeli za umeme, na hapa sheria ni kali kwa sababu betri za lithiamu zikiwaka ni vigumu kuzizima. Volti mara saa za ampea hutoa saa za wati. Betri ya volti 36 na saa za ampea 10 ina saa za wati 360, na ukomo kwa abiria ni 160. Kwa hiyo betri hiyo haisafiri na abiria, iwe sandukuni au mkononi. Betri ndogo za akiba, za taa au za kubadilishia gia, hubebwa mkononi ndani ya chumba cha abiria, si katika sanduku. Vichupa vya gesi vya kujazia matairi navyo huhitaji idhini ya shirika la ndege. Mtoto aliyekariri kanuni hiyo ya volti na ampea kwa ajili ya mtihani tu hajui kwamba ingeweza kumwokoa na aibu mbele ya meza ya ukaguzi.

Nakuja pia kwa walimu wa Kiswahili. Tunawafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi, na mara nyingi barua hizo huwa za kuomba kazi katika kampuni za kubuni. Mbona tusiwafundishe barua ya madai? Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia usafiri wa kimataifa wa ndege. Mkataba huo unasema kwamba mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi katika siku 7 tangu upokewe, na uliocheleweshwa katika siku 21. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Tangu Desemba 28, 2024, fidia ya mizigo ya abiria mmoja haizidi vipimo 1,519 vya fedha vinavyotumiwa na Shirika la Fedha Duniani, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Baiskeli nyingi za mashindano huzidi thamani hiyo. Mkataba huo huo unamruhusu abiria kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa nyongeza, lakini ni wangapi wanaolijua hilo?

Tena shirika halilipi pale madhara yalipotokana na kasoro ya mzigo wenyewe, na mara nyingi litasema kwamba haukufungashwa vyema. Ndiyo maana msafiri hana budi kupiga picha za baiskeli kabla ya kuifunga, akizifunga sehemu moja baada ya nyingine, na kuhifadhi stakabadhi. Akifika, alifungue sanduku kabla hajatoka uwanjani, na akiona dosari aripoti pale pale apewe hati. Wahenga walinena, mali bila daftari huisha bila habari.

Najua hoja za wapinzani. Ya kwanza ni kwamba baiskeli ya kupanda ndege ni anasa ya matajiri, na kwamba shule nyingi za Kajiado zina shida kubwa kuliko hizo: ukame unaowaondoa watoto darasani, mabweni yasiyotosha, mwendo mrefu wa kwenda shuleni. Sikatai. Lakini kinachofundishwa hapa hakimhusu msafiri wa ndege peke yake. Mtoto atembeaye kilomita nyingi kati ya Isinya na Kisaju angefaidika na baiskeli, na baiskeli hiyo ingedumu kama angejua kuifungua, kuisafisha na kuifunga. Maarifa ni yale yale. Isitoshe, mwenye kuweza kufungasha baiskeli aweza kufungasha kifaa cha maabara, jokofu la chanjo au paneli ya jua itakayopita juu ya barabara mbovu hadi Mashuru. Vitu vingapi huharibika kila mwaka katika magari yetu kwa sababu aliyevipakia hakufikiria vitakavyogongana?

Hoja ya pili ni kwamba lawama zote ziwe za mashirika ya ndege. Ni kweli kwamba mizigo hurushwa na kubamizwa, na wahusika wanapaswa kuwajibishwa. Lakini fidia, hata ikilipwa yote, huja baada ya miezi. Mashindano hayamngoji mtu. Aliyefika na uma uliopasuka hatasimama kwenye mstari wa kuanzia, na haki yake ya kisheria haitampa gurudumu asubuhi ile. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa tiba hufika mgonjwa akiwa ameshazikwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Walimu wamelemewa. Mtaala wa umilisi umewaongezea kazi, na sasa mtu anawaletea sanduku la baiskeli. Nawajibu hivi: sipendekezi somo jipya, wala kitabu kipya, wala mtihani. Mtaala huo umeweka njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi watakaoifuata wasifundishwe kukimbia na kuruka tu, bali pia kutunza vyombo vya michezo yao. Shule ikitafuta baiskeli moja kuukuu na katoni moja, mwalimu mmoja akamwalika fundi wa mtaani kwa alasiri mbili katika muhula, kazi imefanyika. Vijana waifungue, waifungashe, walibebe sanduku na kuliangusha kutoka kimo cha meza, kisha walifungue waone kilichovunjika. Hapana mhadhara utakaowafunza zaidi ya sauti ile ya sanduku likianguka.

Nasema fundi wa mtaani kwa kusudi. Pale Kitengela, kando ya barabara kuu, wako watu wanaojua kunyoosha rimu kwa jicho na kupima mkazo wa spoki kwa kuigonga na kusikiliza mlio wake. Hatujawahi kuwaita walimu. Tukiwaalika darasani, wanafunzi watajua kwamba heshima haiko kwenye cheti peke yake, na fundi mwenyewe atalipwa kwa maarifa yake badala ya kubembelezewa bei. Vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Kaunti ya Kajiado, iliyojaliwa barabara ambayo wanamichezo huifunga safari kutoka mbali, ingeweza kuanzisha katika vyuo vyake kozi fupi ya ufundi wa baiskeli, ikiwamo kuzifungasha kwa safari. Kazi ipo. Wageni hufika na masanduku yao, vilabu vinasafiri, na wanaojua kuifanya kazi hii kwa ukamilifu ni wachache.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Usingoje mpaka upate tikiti ya ndege ndipo utafute spana. Jifunze sasa, juu ya baiskeli ya mjomba wako, ile ya kubebea maji. Jua jina la kila sehemu kwa Kiswahili na kazi yake. Andika hatua zako moja baada ya nyingine, kwa lugha ambayo mwenzako ataifuata pasipo wewe kuwapo, na umpe aijaribu. Akishindwa, basi maandishi yako yana ila, na uyarekebishe.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Muhula ujao, tengeni alasiri moja, muitafute hiyo katoni kabla haijachomwa moto nyuma ya duka. Miguu ya kushinda tunayo hapa Kajiado, na hewa tunayo. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba siku kijana wetu atakapoitwa ng'ambo, baiskeli yake itafika ikiwa nzima kama yeye mwenyewe.